MAONI YETU: REDIO YENYE MASIKIO



Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa nguvu huko Mai Mahiu yakawakuta watu wamelala. Waliokufa walizidi 45. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya mto chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakapasua.

Sisi wa reli twajua kazi ya kalvati. Mara nyingi ikianza kuziba, mchunga ng'ombe au mama aendaye mtoni huona kabla yetu. Lakini amwambie nani? Redio kubwa za Nairobi hutuambia mengi, ila hazituulizi kitu. Kwa hivyo twazitaka redio za wenyeji.

Redio hizo si jambo geni. Mwaka 1982 iliwekwa moja Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, ikasema Kijaluo. Mwaka 1984 serikali ikaifunga, basi. Wenyeji hawakuwa na neno, maana haikuwa mali yao.

Baadaye Idara ya Hali ya Hewa iliweka redio ndogo Kangema, ambako milima huporomoka, na Budalang'i, ambako mto Nzoia hufurika. Kule Bunyore wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana tangu zamani kwa kubashiri mvua, waliketi na wataalamu wa idara hiyo. Wazee walileta dalili za miti, ndege na wadudu. Wataalamu wakaleta vipimo vyao. Wakapatana neno moja, likatangazwa kwa lugha ya nyumbani. Shuleni tulifundishwa kwamba maarifa ya wazee ni ushirikina mtupu. Sasa twaona haikuwa hivyo.

Vijana wa Korogocho nao walianza Koch FM mwaka 2006 ndani ya kontena, wakazungumza habari za haki za watu wa mtaa wao, na nyimbo zao wakazipiga.

Lakini wengi wa watangazaji wa redio hizi hufanya kazi bila mshahara. Chama cha wafanya kazi hakiwezi kusifu jambo hilo. Mtu anayekesha wakati wa mafuriko ale nini asubuhi?

Kabla ya mvua ya masika twaomba kila tawi lijadili mambo mawili. Kwanza, kama wanachama watakubali kutoa mchango mdogo kwa redio iliyo karibu nao, na kuwa na kiti katika kamati yake. Pili, mfanya kazi wa njia akiona kalvati imeziba na kumwarifu msimamizi wake, awe na ruhusa ya kuwaambia watu wa redio jioni ile ile, wala asiadhibiwe kwa kusema. Hili la pili tutalipeleka mbele ya waajiri. Makatibu walete majibu kwa maandishi.