Likizo ni Haki ya Watoto Pia



Koyama, kusini ya Kismayu, mtoto wa Kibajuni huijua bahari kwa kufuatana na wazee: maji yakitoka huenda mwambani kutafuta kaa na pweza, yakijaa huogelea. Vita vya 1991 viliwaleta Wabajuni wengi Kenya. Hapa pwani ipo, lakini mzazi yuko kazini mwaka mzima. Nani atamshika mtoto mkono?

Matembezi hayo hayataki fedha, yanataka siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku 21 za kazi za likizo, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Tuzidai, wala tusiziuze. Kaskazi ikiingia, bahari ikatulia, tuwapeleke watoto wetu pwani.