Tusiitundike Aya Juu ya Nadharia

Imekuwa ada katika mihadhara yetu kwamba mhadhiri akiifikia aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, huiunganisha papo hapo na nadharia ya Mlipuko Mkuu. Vijana huitikia takbira. Nami nimewahi kuitikia. Lakini nadharia hiyo ina historia inayotupasa kuijua kabla ya kuwasomesha wanetu hivyo.

Mwasisi wake ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa pia padri wa Kikatoliki. Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa, akieleza kwamba galaksi zinatutoroka kwa kuwa ulimwengu wenyewe unatanuka. Mwaka 1931 akaongeza kuwa ulimwengu ulianza na kitu kimoja, mfano wa atomu.

Novemba 1951, Papa Pius XII alihutubia akiifanya sayansi hiyo kuwa shahidi wa uumbaji. Ungedhani padri yule angefurahi. La hasha! Hakupendezwa hata kidogo. Alishikilia kwamba nadharia yake ni jambo la hesabu na darubini, na haipaswi kuingizwa katika hoja za dini. Katika hili, ijapokuwa si wa dini yetu, nakiri kwamba alituzidi busara wengi wetu.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kwa vipimo vya Edwin Hubble vya mwaka 1929, umri wa ulimwengu ulikadiriwa kuwa takriban miaka bilioni 2, ilhali miamba ya ardhi ilionekana kuwa mikongwe zaidi! Leo makadirio ni bilioni 13.8. Ushahidi mzito wa nadharia, yaani mnururisho hafifu uliotapakaa angani kote, ulitangazwa mwaka 1965, mwaka mmoja kabla Lemaître hajafariki. Kisha mwaka 1998 ikabainika kuwa mtanuko unaongezeka kasi, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Sasa tujiulize: mzazi aliyemwambia mwanawe zama za Hubble kwamba Qur'an inasema yaleyale ya wanafalaki, angemjibu nini hesabu zilipopinduka? Mtoto huyo asingeishuku darubini. Angeishuku aya.

Sipingi wanetu kusoma elimu ya falaki. Wazee wetu waliitumia kujua kibla na nyakati za swala. Ninachopinga ni haraka yetu. Masahaba waliiamini aya ile bila kusubiri makala ya mwaka 1927.

Wallahu aalam.