Aliyekamatwa Miritini ajulikane aliko

Mwana akikamatwa usiku Miritini, mama yake huanza na swali moja: wamempeleka wapi? Alichokifanya kitaulizwa baadaye. Kwanza ajifunge leso, akope nauli kwa jirani, aanze kuzunguka. Kituo cha polisi cha Jomvu ataambiwa hayupo. Atapanda matatu hadi Changamwe, huko ataambiwa ajaribu Makupa. Makupa watamwelekeza Central, na Central afande wa zamu atamwambia, bila kuinua macho, kwamba ikiwa kijana hajaletwa pale basi pengine bado yumo garini. Jua litazama mama akiwa hajui lolote ambalo hakulijua alfajiri. Na katika mzunguko wote huo, hatatokea askari hata mmoja wa kufungua kitabu na kulitafuta jina.

Tunaandika haya kwa sababu kitabu hicho kipo.

Kila kituo cha polisi nchini kina OB, kitabu cha matukio, ambamo kila jambo linalofika mezani huandikwa kwa nambari, tarehe na saa. Aliyeibiwa simu stendi hupewa nambari ya OB, na aliyekamatwa naye huandikwa humo humo. Isitoshe, Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka kila mahali pa kuzuilia watu pawe na rejista yake. Ndani yake liwemo jina la mtu, sababu ya kukamatwa, siku na saa aliyokamatwa, siku na saa aliyofikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza, afisa aliyemkamata, waliomhoji na wakati waliomhoji, na akihamishiwa kwingine, siku na saa aliyohamishwa. Msomaji na airudie orodha hiyo polepole. Hakuna swali la yule mama ambalo halina jibu humo. Bunge lilishayafikiria yote miaka mingi iliyopita. Kilichobaki ni mtu wa kaunta kugeuza ukurasa.

Miritini jambo hili ni zito kuliko mitaa mingine mingi ya Mombasa, kwa kuwa hapa mikono inayokamata ni mingi. Stesheni ya SGR iliyofunguliwa 2017 imekuja na polisi wake wa reli. Barabara kuu ya Nairobi ina polisi wa trafiki, nayo barabara ya kwenda Dongo Kundu imeongeza njia ya kupita na ya kusimamishwa. Wapo makachero wa idara ya upelelezi, DCI, wapo wa kitengo cha kupambana na ugaidi, ATPU, wapo askari wa kaunti wanaofukuzana na wachuuzi. Kisha wapo askari kanzu, ambao hushuka kwenye gari la kawaida wakiwa na fulana na viatu vya raba, wakamtia mtu ndani na kuondoka bila kutaja jina wala kituo. Msako ukipita Bangladesh au Mikindani, karandinga hubeba vijana wa mitaa mitatu kwa mpigo na kuwagawa kwenye seli zenye nafasi. Kijana aliyetolewa hatua mia moja kutoka kwao huenda akalala ng'ambo ya Makupa, na hakuna aliyeambiwa.

Pia wapo wapita njia. Madereva wa matrela ya kwenda Kampala, Kigali na Goma hulala kando ya barabara yetu wakisubiri mizigo. Mmoja wao akikamatwa, hana mama Jomvu wa kumzungukia vituo. Haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35 cha Katiba imetajwa kuwa ya raia, kwa hivyo utingo wake Mganda au Mkongo hawezi kuitumia. Anachobaki nacho dereva aliyekamatwa ni Kifungu cha 49, kinachomlinda kila aliyekamatwa bila kuangalia pasipoti, na mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu ubalozi mdogo, unaompa mgeni haki ya ubalozi wake kujulishwa akitaka hivyo. Ni dereva gani aliyewahi kuelezwa hayo kaunta?

Kifungu hicho cha 49 kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Kinampa ruhusa ya kuwasiliana na wakili na wengine ambao msaada wao anauhitaji. Kinataka afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi inayojulikana na kila mwendesha bodaboda wa Miritini, ya kukamatwa Ijumaa jioni. Hadi Jumatatu asubuhi ni siku mbili na nusu ambazo mtu anaweza kukaa seli bila hakimu kumwona, na mara nyingi ndizo ambazo jamaa yake haambiwi aliko. Bei ya kumwachilia nayo hupangwa humo. Familia inayojua kituo, kosa na jina la afisa aliyemkamata huomba dhamana. Isiyojua hutoa chochote inachoombwa, kwa yeyote atakayedai anaweza kusaidia.

Tutaambiwa kwamba habari za mahakama ziko wazi. Ni kweli, na tunaishukuru Idara ya Mahakama kwa hilo. Kesi husikizwa hadharani, orodha ya kesi za siku hubandikwa, na tangu Machi 2024 mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki umeenea nchi nzima. Lakini rekodi ya mahakama huanza pale mshukiwa anaposimama kizimbani, na ambaye hajafikishwa hayumo. Giza tunalolilalamikia ni la zile saa baina ya pingu na kizimba, na rekodi ya saa hizo iko mikononi mwa polisi peke yao.

Nchi hii imeshaonyeshwa gharama ya giza hilo. Mnamo Juni 23, 2016, wakili Willie Kimani alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia afisa wa polisi, na dereva wa teksi waliyoipanda. Walifungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, kisha wakauawa, na miili yao ikaopolewa mtoni. Miongoni mwa ushahidi kwamba waliwahi kuwa ndani ya kambi ile kilikuwa kipande cha karatasi ya chooni, ambacho mmoja wao alikiandika na kukirusha nje, akimsihi atakayekiokota amjulishe mkewe. Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa 3 wa polisi na mpasha habari wao mmoja Julai 2022. Wakili mwenye ofisi na wenzake wa kumtafuta aliandikiwa rejista yake kwenye karatasi ya chooni. Kijana wa Miritini asiye na wakili ataandikiwa wapi?

Na kwetu Mombasa hatuhitaji kwenda mbali hadi Syokimau. Februari 2, 2014 polisi waliuvamia Msikiti Musa, Majengo, wakakamata watu zaidi ya mia moja. Mmoja wao alipigwa picha akiwa mikononi mwa polisi, na picha ikachapishwa magazetini. Hakuonekana tena. Polisi walisema alitoroka njiani. Familia ilikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa kuomba aletwe akiwa hai au maiti, na ushahidi mkubwa iliokuwa nao ulikuwa picha ya mpiga picha wa gazeti. Miaka miwili baadaye shirika la Haki Africa lilichapisha visa 81 vya mauaji na watu kutoweka hapa Pwani. Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema watu 82 walikuwa wametekwa nchini tangu maandamano ya Juni mwaka huo, na 29 walikuwa bado hawajulikani walipo. Kila mara vituo hujibu vilevile: hatunaye. Na kila mara rejista haifunguliwi ili jibu hilo lipimwe.

Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu wote dhidi ya kutoweshwa mwaka 2007. Kifungu cha 17 cha mkataba huo kinataka rejista rasmi ya kila aliyezuiliwa, na cha 18 kinawapa jamaa na mawakili haki ya kupata habari zilizomo. Serikali zimepita tatu na mkataba haujaridhiwa. Tunalitaja hili kwa uchungu, maana vifungu hivyo viwili vingetosha kumrudisha mama yetu nyumbani mapema.

Hata hivyo, kuna njia moja ya kufungua rekodi ambayo gazeti hili halitaiunga mkono. Marekani, ofisi nyingi za masherifu huweka mtandaoni majina na picha za waliokamatwa siku hiyohiyo, kabla hakimu hajasikia neno. Wakatokea wafanyabiashara waliozikusanya picha hizo na kuwatoza wenyewe pesa ili wazifute. Waliofutiwa mashtaka walibaki na sura zao za seli zikitafutwa na waajiri. Hapa kwetu tayari tunaziona picha za vijana walioketishwa chini mbele ya mapanga, zikisambazwa kwenye simu kana kwamba hukumu imeshatolewa. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe, Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza uzito. Mtoto ndiye wa kulindwa zaidi: jina lake halipaswi kutoka nje ya mzazi, wakili na mahakama ya watoto. Kijana wa Miritini anayetafuta kazi bandarini au Ghuba huombwa cheti cha tabia njema. Kukamatwa msakoni usiku mmoja kusimfuate maisha yake yote.

Kwa hiyo tunachodai ni kidogo na kinawezekana. Jirani mdaku hana haja ya kuisoma OB ya Jomvu, na hatuombi apewe. Tunataka mzazi, mke, mume, ndugu, mwajiri au wakili anayetaja jina la mtu wake ajibiwe pale pale kaunta: yupo au hayupo, aliletwa saa ngapi na nani, kwa kosa gani, atafikishwa mahakama ipi na lini, na kama alihamishwa, alipelekwa wapi. Jibu liandikwe na lipigwe muhuri. Kwa umma mzima, kila kituo kibandike ukutani kila asubuhi idadi ya waliolala seli, makosa waliyoshukiwa na idadi ya waliopita saa 24, bila majina. Idadi peke yake inatosha kuonyesha kituo kinachotumia vibaya wikendi.

Kikwazo kimoja kinaweza kuondolewa kwa barua moja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamfanya mkuu wa taasisi kuwa afisa wa kutoa habari, na inamruhusu kukabidhi kazi hiyo kwa wengine. Kwa polisi, mkuu huyo ni Inspekta Jenerali, aliye Nairobi. Mkuu wa kituo, OCS, asiye na barua ya kukabidhiwa ana kisingizio cha kumwambia mama aandike Nairobi. Inspekta Jenerali na awakabidhi OCS wote kazi hiyo kwa maandishi, na nakala ibandikwe kaunta. OB ya kidijitali tumeahidiwa kwa miaka. Ikija tutaipokea, mradi jina lililoingizwa lisiweze kufutwa na mkono wa usiku. Lakini haki hii haihitaji kompyuta, kwa maana kalamu na kitabu vipo tangu ukoloni.

Nao wabunge wetu na wawakilishi wa wadi za Jomvu, ambao hufika haraka kwenye matanga ya kijana aliyeuawa, waanze kufika vituoni Jumamosi asubuhi kijana akiwa bado hai.

Wewe msomaji uliyekamatiwa mtu, usizunguke mikono mitupu. Andika ombi lako kwa Kiswahili, sheria inakuruhusu. Kama hujui kuandika, unaweza kulitamka na afisa ana wajibu wa kukuandikia. Eleza wazi kwamba habari unayoitaka inahusu uhuru wa mtu, kwa sababu hapo muda wa kujibiwa unashuka kutoka siku 21 hadi saa 48. Baki na nakala yenye saa na jina la aliyeipokea. Saa 48 zikipita kimya, sheria inachukulia kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman. Usisubiri hizo kama unahofia maisha ya mtu wako: pigia IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, nambari 1559, bila malipo, na mwone wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kuletwa kwake. Haki ya kuomba amri hiyo imo katika Kifungu cha 25, pamoja na haki ya kutoteswa, miongoni mwa zile ambazo Katiba inasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Na ombi la habari kituoni halilipiwi hata senti moja.