Kaye ya hesabu isifungie karanga



Kila mwaka, Egzame ya Serikali ikikaribia, tunasikia kilio kile kile katika kalasi za juu: «Limiti, derive na integrali zinatushinda, vitabu haviko.» Ni kweli, vitabu viko kidogo. Lakini sisi tunaona shida ingine kubwa zaidi: majibu tuko nayo, njia ndiyo inakosa.

Tuangalie karatasi za egzame za zamani zinazouzwa mjini. Kando ya kila ulizo kuna herufi moja tu ya jibu. Mwenye kushika herufi ile kwa kichwa, kesho wakibadilisha namba moja, amepotea.

Tuchukue mufano mudogo: derive ya x² pahali x ni 3. Wengi wanajibu 6 bila kujua imetoka wapi. Tutembee pole pole. Tunaongeza kipande kidogo h: (3 + h)² inazaa 9 + 6h + h². Tunatosha 9 ya mwanzo, inabaki 6h + h². Tunagawanya kwa h, tunapata 6 + h. Sasa h inakaribia zero, na 6 inabaki peke yake. Ni mistari mine tu! Mwenye kuielewa atafanya na namba yoyote, hata kama hana feza ya masomo ya jioni.

Mistari kama hiyo iko wapi? Iko katika kaye za wakubwa wetu, walioandika yote mwalimu aliyoonyesha kwa tablo. Lakini kiisha egzame kaye zinaenda sokoni, wanafungia karanga. Hasara gani!

Wengine wanasema: «Tutafute kwa telefone.» Vizuri, masomo mazuri yako kwa intaneti. Lakini si wote wako na telefone, na umeme hauko kila siku.

Wengine watasema kaye ya mwanafunzi si kitabu. Tunawajibu hivi: Leibniz wa Ujerumani alitangaza hesabu hii mwaka wa 1684, kwa maandiko magumu sana. Kitabu cha kwanza cha kuifundisha kilitoka Paris mwaka wa 1696. L'Hôpital aliyekiandika alikitoa zaidi katika masomo aliyopewa na Johann Bernoulli. Kumbe hata kitabu kile kilizaliwa na masomo ya mwanafunzi mumoja!

Basi tunaomba mambo matatu. Kila mwenye kumaliza aache kaye moja ya hesabu. Mwalimu aipitie na wino mwekundu, asije mutu akajifunza makosa. Kiisha ikae katika maktaba, isomwe pale pale, isitoke.

Sisi wa kalasi ya mwisho tutaanza mwaka huu. Na ninyi wadogo wetu, mukikuja kwetu na ulizo la hesabu, musituombe jibu. Mutuombe njia.