VIJANA WASAFIRI NA ZIWA NYASA

Barabara ya lami itokayo Mbinga, yenye urefu wa kilomita 66, sasa yafika Mbamba Bay. Na mwaka 2021 meli ya MV Mbeya II ilianza kuuunganisha mwambao huo na Kyela. Hapana shaka wageni watazidi, na wengi wao watakuwa vijana. Yatupasa kujiuliza watakuja kwa namna gani.

Wataalamu wamekadiria kwamba utalii hutoa kiasi cha sehemu 8 katika kila 100 za hewa zinazoongeza joto la dunia, usafiri ukiwa miongoni mwa visababishi vikubwa. Wako wadhanio kwamba kijana ataacha ndege na gari la kukodi akihubiriwa tu habari ya hewa ukaa. Sisi hatuafiki.

Kijana husukumwa kwanza na mfuko wake: nauli ya basi na meli ni nafuu. Pili, huwatazama wenzake. Picha ya mwamba wa Liuli, ambao kwa ajili yake Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen, ikitoka kwa rafiki aliyefika kwa meli, hushinda mahubiri kumi. Tatu, apenda kuona kwamba safari yake yamfaa mtu: mvuvi aliyemvusha kwa mtumbwi, mama aliyemkaangia samaki, Mmatengo aliyemwonyesha ngoro, yale mashimo yanayouzuia udongo wa milimani usichukuliwe na mvua.

Lakini nia bila njia haifiki mbali. Ikiwa ratiba ya meli haijulikani, wala hakuna malazi safi karibu na gati, kijana huyo atakodi gari, na lawama haitakuwa yake.

Jambo hili si dogo. Huko huko Mbinga, makaa ya mawe ya Ngaka yachimbwa tangu mwaka 2011. Hatusemi machimbo yafungwe kesho, maana yana wategemezi wake. Twasema kwamba wananchi wasio na pato jingine hawana la kuchagua. Na ziwa lililotunzwa ni pato lisilokwisha.

Kwa hiyo twazisihi halmashauri za Mbinga na Nyasa zitangaze mapema safari za meli na mabasi, ziwafunze vijana wa vijijini kuongoza wageni, na zihakikishe fedha ya mgeni yabaki kijijini. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na aje kwa njia ambayo kweli itamponya mwenyeji.