Cheti cha Siku Tatu na Jioni za Rwamgasa

Nilifika Rwamgasa alasiri moja ya mwezi wa Juni, wakati vumbi la kiangazi limekwisha kuyapaka rangi majani ya miembe iliyo kando ya barabara. Watoto walikuwa ndio kwanza wanatoka shule. Ukisimama robo saa penye njia panda utaona jambo ambalo daftari la mahudhurio haliwezi kukuonyesha. Mtoto anaingia nyumbani na sare, anatoka na kaptula iliyochakaa na beseni mkononi, kisha anashika njia iendayo mwaloni, kule mchanga wa dhahabu unakooshwa. Mwalimu wake hana kosa, kwa maana siku hiyo mtoto huyo alihudhuria vipindi vyote. Kwa mujibu wa takwimu tunazozisoma Dodoma na Dar es Salaam, huyo ni mwanafunzi asiye na tatizo.

Rwamgasa, ambayo wengine huiandika Lwamgasa, ni kata ya wachimbaji wadogo katika Wilaya ya Geita. Maisha yake yanapimwa kwa ngurumo za makarasha na kwa habari za duara gani limetoa na lipi limekauka. Sheria kuhusu watoto wa mahali kama hapa iko wazi kabisa. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu aina mbaya kabisa za kazi za watoto mwaka 2001, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja uchimbaji wa madini miongoni mwa kazi za hatari asizopaswa kuzifanya mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa machimbo madogo ya nchi yetu, na miongoni mwao walikuwamo wa miaka 8. Walikuwa wakishuka mashimoni, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Ripoti hiyo ilitaja pia wasichana wanaoandamwa na watu wazima kwenye maeneo ya machimbo. Nimeitaja kwa sababu ya hao wasichana, nami nitarudi kwao.

Tangu ripoti hiyo itoke tumefanya mengi ya haki. Ada imefutwa shuleni. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zimeundwa hadi ngazi ya kijiji. Mashirika nayo yameanzisha vilabu vya baada ya masomo, ambako mtoto hucheza, husoma na kuzungumza kuanzia saa tisa na nusu hadi jua linapokaribia kuzama. Wazo hilo ni zuri mno, kwani hizo ndizo saa ambazo mwalo unamwita. Hoja yangu leo inamhusu mtu tunayemkabidhi saa hizo.

Nilimkuta mmoja wao katika darasa lenye madawati machache, akiwa na watoto wapatao arobaini. Sitamtaja jina, wala nembo iliyokuwa kwenye fulana yake. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye sauti ya upole na subira ambayo mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha chuo kikuu, bado naitamani. Aliponiamkia alikimbilia kunionyesha cheti chake kilichofungwa kwenye plastiki. Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu mjini. Walipewa posho, daftari na kalamu, wakaandika kwenye bango kitita aina za ukatili, haki za mtoto, na sifa za kiongozi bora. Siku ya tatu mgeni rasmi alifunga semina, wakapiga picha. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi kumi na minne, na hakuna mtu yeyote aliyewahi kuja kukaa nyuma ya darasa lake akamwangalia akifanya kazi. Gari la wafadhili lilikuja mara mbili. Wageni walihesabu watoto na kuondoka.

Watoto walipotawanyika, tuliketi kwenye benchi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kuna jambo linanisumbua." Wiki chache nyuma, msichana wa darasa la sita alibaki baada ya wenzake kuondoka, akamweleza kwamba kuna mtu mzima kule kwenye makarasha anayempa hela ya chipsi, na sasa amemwahidi simu, ila anamtaka aifuate chumbani kwake. Kijana akamjibu asimsikilize mtu huyo, asome kwa bidii. Kesho yake, kwa nia njema kabisa, akafundisha somo la kujitambua na kutoa mfano wa msichana na simu. Hakumtaja jina. Lakini watoto wa kijiji kimoja hawahitaji jina. Msichana hakurudi tena kwenye klabu.

"Nilikosea wapi?" akaniuliza.

Kijana huyu angefaulu mtihani wowote kuhusu aina za ukatili wa kijinsia. Angekuandikia nne, pamoja na mifano. Asichofundishwa ni kwamba mtoto akikufungulia kifua husikilizwa kwa utulivu, haulizwi maswali ya kumlaumu, haahidiwi siri usiyoweza kuitunza, na neno lake halipelekwi mbele ya wenzake hata kwa mafumbo. Hakujua kwamba taarifa hiyo ilipaswa kufika siku ileile kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwamba namba 116 hupigwa bila malipo. Au pengine aliwahi kuambiwa, siku ya pili ya semina, saa nane mchana, tumbo likiwa limejaa wali, akaandika, akasahau. Kusikia jambo mara moja ukumbini na kulitenda peke yako jioni, mtoto akiwa mbele yako analia, ni vitu viwili mbalimbali.

Jioni hiyo tulimpigia simu afisa ustawi, na yaliyofuata si ya kuandikwa hapa. Kabla ya giza kuingia tulifanya jambo jingine dogo. Mimi nilijifanya yule msichana, naye akajaribu kunijibu. Mara ya kwanza alihubiri. Mara ya pili aliuliza, "Kwa nini ulipokea hela yake?" Mara ya tatu alinyamaza, akaniacha nimalize, kisha akasema, "Umefanya vizuri kuniambia." Ilichukua dakika ishirini, wala hakukuwa na bango kitita wala mgeni rasmi.

Kinachonikera ni kwamba Rwamgasa yenyewe inajua jambo hili. Hakuna mwenye duara atakayemshusha kijana mgeni chini kwa sababu amehudhuria semina. Atamshusha nyuma ya mtu mzoefu, ajifunze kusikiliza mlio wa matimba yanayoelemewa, na kwa muda mrefu hataachwa peke yake. Serikali nayo inajua. Ilipotaka wachimbaji wadogo waache njia duni za uchenjuaji, haikuishia kwenye vipeperushi. Ilijenga vituo vya mfano chini ya STAMICO, kimojawapo hapa hapa Lwamgasa, ili mchimbaji aone kwa macho na ajifunze kwa mikono. Kwa ajili ya dhahabu tulikubali kwamba ujuzi haupatikani kwa kuambiwa tu. Anayelea watoto wa wachimbaji haohao tumempa cheti.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya msomi asiyejua bajeti. Basi tuangalie ushahidi wa karibu. Mwaka 2008 shirika la BRAC lilianzisha nchini Uganda vilabu vya wasichana wa rika la balehe, nje ya saa za shule, vikiongozwa na mabinti wa vijiji hivyohivyo. Walezi hao walipata mafunzo ya mwanzo, kisha wakaitwa kila mwezi kunolewa upya. Watafiti waliovifuatilia kwa miaka minne walikuta kwamba mimba za utotoni zilipungua kwa takriban theluthi moja katika jamii zilizokuwa na vilabu hivyo. Mpango uleule ukaletwa Tanzania. Hapa utafiti wa namna hiyohiyo haukukuta mabadiliko makubwa ya aina hiyo, na waliolinganisha nchi hizi mbili waliutaja ufinyu wa rasilimali katika uendeshaji. Hata mahali pa kudumu pa kukutania palikuwa tatizo. Sidai kwamba tofauti yote ilitokana na kuwanoa walezi. Ninachosema ni kwamba jina la mradi na kitabu cha mafunzo vinaweza kuvuka mpaka wa Mutukula na bado kazi yenyewe isivuke.

Wala hatuhitaji kwenda Uganda kutafuta busara. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ikiwa na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 na washiriki wanaokaribia milioni mbili. Viongozi hao nao walipewa mafunzo mafupi sana, mafupi kuliko ya kijana wangu wa Rwamgasa. Lakini kila wiki, kwa wiki 12, redio iliwarudia, kitabu kilikuwa mkononi, na kikundi kilijadili na kwenda kuchimba choo. Leo walimu wa shule wana MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu kazini unaowataka wakutane shuleni kwao mara kwa mara, wajadili somo lililowashinda na kuangaliana wakifundisha. Una upungufu wake, nami nimesikia walimu wakiulalamikia, lakini msingi wake ni sahihi. Kengele ya mwisho inapolia, mtoto anatoka mikononi mwa mtu mwenye MEWAKA na kuingia mikononi mwa mtu asiye na chochote.

Fedha zipo, kama tukikubali kuzigawa upya. Ukumbi, chakula, posho na mafuta ya semina moja ya watu arobaini mjini ni gharama ambayo kila mtumishi wa halmashauri anayesoma hapa anaweza kuikadiria bila kikokotoo. Nusu yake ingemlipa mwalimu mstaafu mmoja, mwenye heshima katika kata, awatembelee walezi wa vilabu kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Angekaa nyuma, akaangalia bila kuingilia, na baadaye akazungumza na mlezi faragha kuhusu mambo mawili tu aliyoyaona. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanawataka wenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kuujadili na halmashauri. Tumezoea kuuandika mpango huo kwa lugha ya saruji: madarasa, zahanati, uzio. Sina ugomvi na saruji. Ila sijawahi kusikia diwani akisimama barazani kuulizia ni nani anayemnoa kijana anayekaa na watoto wetu ndani ya madarasa hayo saa kumi na moja jioni.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu zaidi. Wanaojitolea huondoka. Habari za rashi mpya zikisikika, hata mlezi mwenye cheti hubeba sururu. Ni kweli, na hatuwezi kushindana na bei ya dhahabu kwa posho ya nauli. Lakini nilipomuuliza kijana huyu kwa nini wenzake watatu waliosoma naye semina wameacha, hakuanza na fedha. Alisema walichoka kufanya kazi wasiyojua kama wanaifanya vizuri. Fedha aliitaja ya pili, nami naiweka palepale alipoiweka, bila kuipunguza. Mtu anayetulelea watoto siku tano kwa wiki anastahili malipo, na neno "kujitolea" limegeuka kichaka cha kujifichia. Tena mlezi aliyenolewa kuliko wote hatamzuia mwaloni mtoto ambaye hajala tangu asubuhi. Klabu inahitaji sufuria ya uji pia.

Nilipoaga, kijana alinisindikiza hadi kituo cha bodaboda. Aliniambia kwamba amekwenda mara moja nyumbani kwa yule msichana, akazungumza na bibi yake, na hakutaja jambo lolote isipokuwa kwamba nafasi yake kwenye klabu ipo. Akaniuliza kama alifanya sawa. Nilimjibu kwamba ndiyo, kisha nikamuuliza ni nani mwingine alikuwapo wakati akizungumza na bibi. Akafikiri. Nimemwahidi kurudi mwezi wa Septemba. Ameniomba nifike mapema, nikae dawati la nyuma, na nisiwaambie watoto mimi ni nani.