Kabla ya Kulilaumu Sikio la Mtoto

Miongoni mwetu wakazi wa Kisugu wamo wazazi ambao watoto wao hupiga klarineti katika bendi za shule. Huenda mzazi akaletewa habari kwamba mwanawe hana sikio la muziki, kwa kuwa sauti yake hailingani na za wenzake. Kabla ya kumtoa mtoto bendini, au kuzigusa fedha za karo ili kununua klarineti nyingine, yafaa kukichunguza kile kipande kidogo anachokitia kinywani. Hapa tutakiita kipulizio.

Klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti unaoota Tanzania na Msumbiji. Kipulizio, lakini, kwa kawaida hufanywa kwa ebonaiti, yaani mpira mgumu, au kwa plastiki, kwani mti hubadilika umbo kwa unyevu wa pumzi. Juu yake hufungwa utete, kibanzi chembamba cha tete, ambao hutetemeka mtoto apulizapo.

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni mwanya ulio kati ya ncha ya utete na ncha ya kipulizio. Katika vipulizio vingi huwa kati ya milimita 1 na 1.2. Mwanya mpana hutaka utete laini. Hutoa sauti kubwa, ila noti huyumba kwa urahisi. Kijana aliyeisikia klarineti ya Jean Serge Essous katika rekodi za OK Jazz za mwaka 1956 aweza kutamani mwanya mpana. Na aanze na ule mwembamba au wa wastani, pamoja na utete wa namba 2 au 2.5.

Jambo la pili ni tundu la ndani. Likiwa kubwa mno, noti hushuka. Likiwa dogo mno, hupanda. Viwanda vingine hutengeneza vipulizio kwa kipimo cha La ya mitetemo 440 kwa sekunde, vingine kwa 442. Muulizeni mwalimu bendi yake hufuata kipi.

Kisha mtoto ajaribu vipulizio viwili au vitatu kwa klarineti yake mwenyewe na utete ule ule. Kwanza apige dakika chache, maana klarineti baridi hushuka sauti. Halafu ashike noti ya chini, na bila kubadili kinywa abonyeze kitufe cha juu cha kidole gumba cha kushoto, noti irukie juu. Zote mbili zipimwe kwa kipimo cha sauti kilicho katika simu. Kipulizio ambacho noti zake hupishana sana, kiwekeni kando hata kama mlio wake wapendeza.

Kilichokwisha kutumika kikaguliwe ncha: ikiwa imemeguka hata kidogo, kiacheni. Rahisi inavunja upishi. Kipya nacho kioshwe kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na kisianikwe juani, maana ebonaiti hugeuka rangi na yaweza kupinda.

Mtoto akishapata kipulizio kifaacho, hapo ndipo mwalimu atakapoweza kulipima sikio lake kwa haki.